Barua Ambazo Fundi Bathsheba Alikataa Kuzitoa

Bathsheba Nyamusi ni fundi wa cherehani katika soko la Ndhiwa, na kama hujawahi kushonewa naye, jua kwanza kwamba hakubali kuharakishwa. Mteja akimwambia, "Fundi, naitaka kesho," humtazama juu ya miwani na kumuuliza, "Kesho ya nani?" Kisha anaendelea kukata. Mimi nilimjua hivyo, kama mteja wa sketi, kabla sijajua kwamba anaandika hadithi za watoto.

Alikuja huku kutoka Nyamira, sasa ni zaidi ya miaka ishirini, pamoja na mumewe Motari, ambaye huuza ndizi. Wanawake wa sokoni walimwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na mpaka leo wapo wanaomwita hivyo, nusu kwa upendo na nusu kwa kumkumbusha alikotoka. Alijifunza Dholuo, lugha ya huku, cha kupimia watu kiuno na cha kukatalia bei mbaya. Lakini hadithi zake aliziandika kwa Kiswahili. Watoto waliokaa kwenye benchi la kibanda chake, wakingoja mama zao wapimwe, walikuwa na lugha mbalimbali za nyumbani, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Alianza kuwasimulia kwa sababu mtoto anayesikiliza hagusi mkasi. Baadaye mama mmoja akamwambia aandike, naye akanunua daftari.

Kitabu chake cha kwanza kinaitwa *Unga Uko Wapi?* Kinasimulia shule ya wanyama katika bonde la Ruma, ambako watoto wote hunywa uji saa nne. Msimamizi wa unga ni fisi. Kila siku uji unazidi kuwa mwepesi, hadi siku moja ndama wa korongo, wale swala wakubwa wenye uso wa rangi mbili, anasimama kwenye foleni na kuuliza, "Unga uko wapi?" Ndama huyo anaitwa Kadogo. Anaambiwa akae chini. Anauliza tena. Anatolewa kwenye foleni, na akiwa nje ya foleni anauliza tena, mpaka foleni nzima inauliza pamoja naye.

Kampuni moja ya vitabu jijini Nairobi iliusoma mswada na kumjibu kwamba hadithi ni nzuri, ila wangependa fisi atubu mwenyewe na Kadogo ajifunze subira. Bathsheba alijibu kwa sentensi moja: "Kadogo alishasubiri kurasa saba." Akapanda gari hadi Homa Bay, kwa bwana mmoja anayechapisha kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, akamwomba amtengenezee kitabu. Hakuwa na mchoraji, kwa hiyo aliacha nusu ya kila ukurasa ikiwa wazi, na chini yake akaandika, "Chora wewe."

Wakati huo nilikuwa nikifundisha Kiswahili, gredi ya tano, katika shule moja iliyo kwenye barabara ya kutoka Ndhiwa kwenda Magunga. Jina la shule nitaliacha. Nilikuwa mwalimu wa kandarasi, na kila muhula ulipokwisha nilingoja kuambiwa kama nitarudi. Nilinunua nakala tatu za kitabu hicho nilipokwenda kuchukua sketi yangu, nikaanza kukisoma darasani siku ya Jumatatu.

Nilizoea kelele za gredi ya tano. Siku hiyo, nilipofika mahali Kadogo anapotazama ndani ya kikombe na kuona kwato zake mwenyewe chini ya uji, darasa zima lilinyamaza. Hakuna aliyecheka. Walinitazama kana kwamba nimesema jambo ambalo watu wazima hawalisemi. Nami nilielewa, maana hata mimi nilikuwa nimeuona uji wa shule yetu. Wazazi walikuwa wakileta wimbi na mahindi kila muhula, debe kwa debe, na bado uji ule ungeweza kunawia mikono.

Ningeweza kufunga kitabu. Badala yake niliwaambia wamwandikie mwandishi barua, na anayetaka achore. Niliwaambia barua ni siri kati ya anayeandika na anayeandikiwa. Nilikuwa nikifundisha mpangilio wa barua ya kirafiki, na hayo yalikuwa maneno ya somo tu. Sikufikiria kwamba kuna mtu angeyachukua kwa uzito.

Ijumaa nilimpelekea Bathsheba barua thelathini na nane ndani ya bahasha kubwa. Hakuzifungua mbele yangu. Aliziweka kwenye droo ya cherehani, akaendelea na sare ya shule yetu aliyokuwa akiipiga pindo. Yeye ni Msabato, na nilijua hatafungua kibanda Jumamosi. Jumapili mchana nilipopita nilimkuta amefunga nusu ya mlango, ameketi sakafuni, karatasi zimemzunguka.

"Mwalimu, ingia," alisema. "Soma hii."

Ilikuwa ya Dolphine, msichana mdogo wa mwili, wa pili kutoka dirishani, ambaye darasani alikuwa hajibu swali mpaka aitwe mara mbili. Aliandika:

"Mpendwa mwandishi, mimi ni mzima. Kitabu chako ni kizuri sana. Hata mimi nikikunywa uji wa shule naona vidole vyangu kwa chini. Mama yangu alipeleka wimbi mimi nikiona. Nataka kujua Kadogo alipata wapi nguvu ya kuuliza, kwa sababu mimi nikiuliza nitaambiwa niko na mdomo."

"Kuna nyingine kumi na moja zinazotaja uji," Bathsheba alisema. "Na tazama fisi."

Nikatazama michoro. Katika kitabu fisi hana nguo yoyote. Ni fisi tu. Lakini watoto walikuwa wamemchora akiwa na koti la drafti na kofia nyeupe, na wengi walimpandisha pikipiki nyekundu. Nilianza kucheka, kisha nikaacha. Mwenyekiti wa bodi yetu ya shule, Bwana Cephas Obare, alivaa koti la drafti jua likiwaka na mvua ikinyesha, kofia nyeupe kichwani, na pikipiki yake nyekundu ilijulikana hadi Magunga. Funguo za stoo ya unga zilikaa kwake.

"Fundi, hizi tuzifiche," nilimwambia.

"Barua nitazificha. Wameandika majina yao. Michoro haina majina." Aliinuka, akabandua ukutani picha za mitindo ya magauni, akaibandika michoro mahali pake, mmoja baada ya mwingine. "Mtu akikuchorea kitu, unakiweka mahali panapoonekana."

Wiki mbili alikaa akijibu. Kila mtoto alipata barua yake, kwa mkono, si maneno yale yale. Dolphine alimwandikia kwamba Kadogo hakuwa na nguvu yoyote. Alikuwa na njaa, akauliza huku miguu ikitetemeka, na hadithi haikusema habari ya miguu kwa sababu yeye mwandishi alisahau. Nilimwona Dolphine akiisoma barua hiyo nyuma ya darasa, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, akaitia ndani ya soksi.

Siku ya soko watu walianza kusimama mbele ya kibanda cha Bathsheba. Walikuja kama wateja, wakatazama ukuta, wakatoka wameshika midomo. Haikuchukua muda mwenyekiti akapata habari.

Nilikuwepo alipokuja. Aliiacha pikipiki mlangoni, akaingia, akatazama ukuta kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na nakiri kwamba sikutoka.

"Nyar Kisii," alisema, "hii ni nini?"

"Ni michoro ya watoto, Bwana Mwenyekiti. Karibu ukae."

"Sikai. Huyu ni nani?"

"Fisi."

"Huyu ni mimi."

"Wewe ndiye unayesema," Bathsheba alijibu. "Mimi niliandika fisi. Koti sikuandika. Soma kitabu chote, utafute neno koti."

"Nani alichora?"

"Watoto."

"Majina yao."

Cherehani ilikuwa imesimama. Nikasikia Bathsheba akivuta kiti na kuketi. "Majina ninayo," alisema. "Waliniandikia barua na kutia sahihi, kama walivyofundishwa. Lakini waliniandikia mimi."

Mwenyekiti alimwambia kwamba hana mtoto katika shule ile, kwamba amekuja kwenye ardhi ya watu na kuchochea watoto wao, na kwamba sare za shule si lazima zishonwe na yeye. Alimpa mpaka mkutano wa wazazi, wiki inayofuata, atoe michoro ukutani, alete barua zote, na aombe msamaha mbele ya watu.

"Nitakuja mkutanoni," Bathsheba alisema. Nikasikia cherehani ikianza tena.

Kesho yake mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu. Nakala zangu tatu zilikuwa mezani kwake, zimechukuliwa kutoka darasani. Aliniambia kandarasi yangu itajadiliwa na bodi, na kwamba itasaidia sana kama barua zile zitarudi kabla ya mkutano. Hakutaja watoto. Alisema "barua" tu, kana kwamba zilijiandika zenyewe.

Hapa ndipo ninapoona aibu nikisimulia. Nilitoka ofisini nikaenda moja kwa moja Ndhiwa, nikamwomba Bathsheba anipe zile barua. Nilimwambia nitazichagua, nitatoa zile zisizotaja uji, zile za "kitabu chako ni kizuri" tu, na mambo yatakwisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, ulipowaambia waandike, uliwaambia barua ni za nani?"

"Zako."

"Basi ni zangu." Akarudi kwenye kitambaa chake. Akasema, bila kuinua macho, "Ukitoa ishirini na sita zilizo safi, mwenyekiti atahesabu watoto thelathini na nane, na kumi na wawili atawajua kabla hujamaliza kufunga bahasha. Mimi sikusoma sana, lakini hesabu hiyo nimeiona."

Nilikasirika. Nilimwambia yeye ana cherehani, mimi nina kandarasi. Alisema ni kweli. Nilimwambia sare zitapelekwa kwa fundi mwingine. Alisema zimeshapelekwa, tangu asubuhi. Kijana wa fundi huyo alikuja kuazima kwake kiolezo cha kola, naye akamwazima. Nikatoka.

Nilisikia baadaye kwamba si mimi peke yangu niliyemwendea. Mzee wa kanisa lake alimshauri ajinyenyekeze kwa ajili ya amani. Alimuuliza mzee kama amani hiyo inanyweka. Hata Motari, ambaye ni mtu mpole na ndizi zake huziuza kwa wake wa wajumbe wa bodi, alimwomba angalau aitoe michoro ukutani. Alimjibu, "Baba watoto, wewe ungeibandua?" Motari alisimama mbele ya ukuta, akaangalia ule ambao fisi ameanguka na pikipiki kwenye mto, akaenda zake bila kuigusa.

Mkutano ulifanyika Alhamisi, chini ya paa la bati la ukumbi ambao haujamalizwa kuta. Wazazi walikuja wengi kuliko kawaida. Bathsheba alikuja kwa miguu, gauni lake la Sabato likiwa limepigwa pasi, mkononi ana kitabu kimoja tu. Mwenyekiti alisema kwa muda mrefu juu ya heshima, maadili, na watu wanaowapotosha watoto kwa hadithi. Kisha akamwita mbele.

"Barua ziko wapi?"

"Ziko salama."

"Uliambiwa uje nazo."

"Niliambiwa. Sikukubali." Aligeukia wazazi. "Nimeambiwa pia niombe msamaha. Ninaweza kuomba, ila nataka nyinyi mniambie kosa. Wengi hamjasikia nilichoandika. Kitabu ni kifupi. Nikimaliza kusoma, anayeona nimewakosea watoto wake asimame, nami nitamwomba msamaha yeye, kwa jina lake."

Mwenyekiti alisema huo si utaratibu. Sauti kutoka nyuma, ya mwanamume, ikasema kwa Dholuo, "Mwache asome." Mwalimu mkuu alikuwa akitazama viatu vyake. Bathsheba akafungua kitabu.

Alisoma kama anavyoshona, bila haraka. Alipofika kwenye kwato zinazoonekana chini ya kikombe, nilisikia pumzi za watu. Alipofika mahali Kadogo anapouliza mara ya kwanza, wengine walicheka. Mara ya pili walicheka kidogo. Mara ya tatu, akiwa nje ya foleni, hakuna aliyecheka. Alisoma mpaka neno la mwisho, akafunga kitabu na kusimama akingoja.

Aliyesimama alikuwa Susana, mama yake Dolphine, muuza omena, dagaa wa ziwani. Nilidhani amekuja kudai msamaha.

"Mimi fundi hajanikosea," alisema Susana. "Ila hilo swali na mimi ninalo. Nilileta wimbi debe mbili mwezi wa kwanza. Unga uko wapi?"

Mwenyekiti alimwambia akae. Hakukaa. Mama mwingine akasimama, halafu mzee mmoja aliyelea wajukuu, kisha sikuweza tena kuhesabu. Mwenyekiti alitangaza mkutano umefungwa, akaelekea kwenye pikipiki. Wazazi hawakumfuata wala kumgusa. Walikwenda kwenye stoo, wakakaa mbele ya mlango, wakasema watangoja funguo. Walingoja mpaka saa kumi na moja, wengine wakitumana nyumbani kuletewa chai. Bathsheba alikaa pamoja nao. Hatimaye mwalimu mkuu alitoa funguo za akiba ambazo sisi walimu hatukujua anazo.

Ndani mlikuwa na magunia manne, na moja lilikuwa la maganda.

Singependa mtu adhani kwamba yote yalinyooka baada ya hapo. Afisa wa elimu alikuja, akaandika ripoti, na ripoti hiyo sijawahi kuiona. Bwana Obare alikaa kwenye kiti chake mpaka muhula wake ulipokwisha, na mpaka leo anaamkiwa sokoni kwa heshima. Lakini kuanzia wiki ile akina mama watatu, Susana mmoja wao, walikuwa wakipokezana kupima unga kila asubuhi mbele ya watu, na uji ukawa unashika kijiko. Sare hazikumrudia Bathsheba. Kandarasi yangu haikuendelea. Nilipata kazi mjini Homa Bay, katika shule ndogo ya binafsi, na kwa muda mrefu sikuwa na uso wa kumtembelea. Nilipokwenda, alinipa chai na kuniuliza kama ile sketi bado inanitosha. Nilimwomba msamaha kwa habari ya barua. Alisema, "Ulikuja na ukatoka bila kitu. Hilo linatosha."

Habari za mkutano zilienea, na kitabu kikatembea nazo. Yule bwana wa Homa Bay alikichapisha tena, na tena. Barua zikaanza kuja kutoka Mbita, Rongo, hata upande wa Migori, nyingine zikibebwa na madereva, nyingine zikipigwa picha na walimu na kutumwa kwenye simu ya Motari.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, ilikuja moja kutoka shule ya upande wa Kehancha. Bathsheba alinionyesha. "Naitwa Robi, niko gredi ya sita. Uliandika juu ya uji na watu wakasikia. Je, unaweza kuandika juu ya msichana anayekataa kupelekwa kwa kisu likizo ya Desemba? Kama huwezi, si neno."

Likizo hiyo ndipo wasichana wa huko hukeketwa, kama wa kwao Bathsheba. Alikaa na barua hiyo magotini. "Mimi nilikuwa na miaka tisa," alisema. "Nilipewa soda kwanza. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua kwamba mtu anaweza kukataa." Katika miaka yote niliyomjua hakuwa amewahi kutamka jambo hilo, wala hakulirudia.

Hakungoja kuandika kitabu. Alimpigia simu mwalimu wa Robi, akafunga kibanda siku mbili, akaenda. Sikuambiwa yote yaliyosemwa huko. Najua kwamba Robi ana shangazi mjini Migori, anaitwa Bhoke, ambaye alikuwa akitafuta njia ya kumchukua mtoto bila ugomvi na kaka yake, na kwamba Bathsheba na mwalimu walikwenda naye kwa chifu, wakakaa mpaka ikaandikwa kwamba mtoto atakaa kwake. Desemba ile Robi alikuwa kwa shangazi yake, akisaidia kuuza mitumba. Januari alirudi darasani.

Kitabu alikiandika baada ya hapo, kwa miezi mitatu. Bwana wa Homa Bay aliusoma mswada akiwa amesimama, akamwambia, "Mama, hiki kitaniletea watu dukani. Tafuta mwingine."

"Watu gani?"

"Wazee. Wa kwenu na wa huko."

"Wakija, uwaelekeze Ndhiwa. Andika kabisa nyuma ya kitabu, Soko la Ndhiwa, Bathsheba Nyamusi, fundi." Akavuta kiti, akaketi karibu na mashine, akatoa kitambaa alichokuwa akidarizi. Saa tisa alasiri bwana yule aliwasha mashine.

Kitabu kimetoka mwaka huu, na anwani iko nyuma kama alivyotaka. Wazee wawili walifika kweli, wakasema yao, akawasikiliza na kuwaambia hatafuta hata neno moja. Barua za watu wazima za kumtukana nazo zinakuja. Anaziweka ndani ya mfuko wa plastiki chini ya meza. Hajajibu hata moja. Anasema bado hajamaliza za watoto.